Chungu Kimoja, Mchuzi Mmoja

Ipo kauli moja ambayo tumeisikia mara nyingi mno kutoka kwa vijana wetu waliokwenda kusoma au kufanya kazi Malaysia na Singapore, na kila tunapoisikia hutushangaza zaidi. Kauli yenyewe ni hii: "Tulikwenda kula stimboti pamoja na rafiki zetu wa Kichina. Wao walikula nguruwe wao, sisi tulikula mboga na samaki tu." Husemwa kwa utulivu kabisa, kana kwamba suala limekwisha na hakuna la kuongeza. Sisi tunadai kwamba suala hilo halijaanza hata kuulizwa. Msema maneno hayo ama hakijui chungu alichokilia, ama anakijua lakini ameona haya kumwambia rafiki yake ukweli. Hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwa wasiopata kukiona chakula hicho, yafaa tukieleze. Wachina wenyewe hukiita huoguo, maana yake chungu cha moto. Katika Malaysia na Singapore kinajulikana kwa jina la stimboti. Katikati ya meza huwekwa jiko dogo la gesi au la umeme, na juu yake chungu kipana chenye mchuzi unaotokota. Kandokando hupangwa sahani za vitu vibichi: nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, vipande vya kuku, kamba, ngisi, vitonge vya samaki, tofu, uyoga, kabichi la Kichina, mayai ya kware, tambi. Mpishi hayupo. Kila aliyeketi hutumbukiza akitakacho, hukisubiri kiive, hukitoa kwa vijiti vyake au kwa upawa wa waya, hukichovya katika bakuli la pilipili na mchuzi wa soya, akala. Mazungumzo huendelea, chungu huongezwa maji, na saa mbili hupita pasipo mtu kuhisi. Ni chakula kilichoundwa kwa ajili ya urafiki, na hatujui kingine kinachowaketisha watu muda mrefu namna hiyo kuuzunguka moto mmoja. Familia nyingi za Wachina wa nchi zile hukila usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wao, wakati jamaa waliotawanyika wanaporejea nyumbani.

Sasa msomaji autazame mchuzi. Katika mkahawa wa kawaida kila mlaji huletewa sahani yake. Aliyeagiza samaki hula samaki, na jirani yake aliyeagiza nguruwe hula nguruwe, na mjadala hubaki kuhusu jikoni tu: kikaango kilioshwaje, na mafuta yalikuwa ya nini. Katika stimboti jiko lenyewe liko mezani. Mara nyingi mchuzi huwa umeanza kuchemshwa kwa mifupa ya nguruwe kabla mgeni yeyote hajaketi. Kisha zikaingia nyama, mafuta yakaelea, na katika mafuta hayo hayo ndugu yetu akatumbukiza kabichi lake. Tena na ajue kwamba amechagua vibaya kuliko wote waliokuwapo. Tofu, uyoga na kabichi ni kama sifongo; hunyonya mchuzi na kuubeba mpaka kinywani. Mwenye kutoa kipande cha nyama na kukikung'uta hunywa mchuzi mchache kuliko huyu mla mboga! Na mwisho wa mlo, mchuzi ukishakolea kwa kila kilichopita ndani yake, hutiwa tambi au hunywewa hivyo hivyo kwa bakuli, na wapenzi wa chakula hicho husema hapo ndipo ulipo utamu wake wote. Je, mtu huyo alikula mboga tu?

Masuala ya namna hii si mageni katika dini yetu. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimwuliza Mtume Muhammad (s.a.w.) kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu waliokuwa majirani zake, ambao walikuwa wakipika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa ulevi katika vyombo vyao. Jibu alilopewa, kwa maana yake, ni kwamba akipata vyombo vingine atumie hivyo, na asipopata, avioshe kwa maji ndipo avitumie. Tazama jinsi swali lenyewe lilivyokuwa: lilihusu chungu kitupu. Wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa Malaysia na ndiyo ya pwani yetu pia, wamekaza zaidi wakasema kilichoguswa na nguruwe kioshwe mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu anaweza kuwa na rai nyingine kuhusu hizo mara saba, na wapo wanazuoni wenye rai nyingine. Lakini hakuna mwanazuoni wa madhehebu yoyote aliyesema chungu kioshwe na mchuzi unywewe.

Wengine hutujibu kwa hoja ya chungu chenye ukuta katikati. Ni kweli vipo vyungu vya aina hiyo, na Wachina huvipa jina la jozi ya bata, dume na jike: upande mmoja mchuzi mweupe, upande wa pili mchuzi mwekundu wa pilipili. Ukuta ule uliwekwa kwa ajili ya watu wasiostahimili pilipili, nao kwa kazi hiyo unafaa sana, maana tone moja la pilipili likivuka halimwui mtu. Vijana wetu wameugeuza kuwa mpaka baina ya halali na haramu. Twawauliza: mchuzi unapotokota, hauruki? Upawa uliotumika huku haukutumika kule? Mazungumzo yakishanoga na sahani zikishapitishwa mara tatu, ni nani pale mezani anayekumbuka kijiti kipi kilishika nini? Mwenyeji wako Mchina hana kosa lolote hapa. Yeye hakuahidi kuilinda dini yako kwa kipande cha bati.

Mbao za milangoni

Ipo hoja nyingine yenye sura nzuri zaidi. Mikahawa mingi ya Kichina katika miji ya Malaysia hubandika mlangoni tangazo la kwamba hapa hapauzwi nguruwe wala mafuta ya nguruwe. Kijana wetu akiliona hilo huingia ametulia moyo. Sisi hatusemi kwamba mwenye mkahawa ni mwongo. Huenda kila alichokiandika ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba ameandika jambo moja, na msomaji akasoma jambo lingine. Hakusema kuku wake wamechinjwa na nani. Hakusema kama nyama yake ya ng'ombe imetiwa mvinyo wa mchele ili kuondoa harufu, desturi ambayo katika upishi wa Kichina ni ya kawaida kabisa. Hakusema mchuzi mwekundu wa namna ya Sichuan umekaangwa kwa mafuta gani, ilhali kwa asili hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kisheria hukumu yake twaijua. Vitonge vya samaki navyo, na vile vijiti vyekundu viitwavyo vya kaa ambavyo aghalabu huwa na samaki wa kusagwa kuliko kaa, huchanganywa viungo kiwandani, na ni ajabu mtu kuvila kwa kuwa tu jina lake lina neno samaki.

Na kwa nini mwenye mkahawa hakuandika neno "halali"? Kwa sababu sheria haimruhusu. Malaysia, kwa amri zilizotolewa mwaka 2011 chini ya sheria ya maelezo ya biashara na kuanza kutumika mwaka 2012, imeyaweka mamlaka ya kuthibitisha halali mikononi mwa Idara ya Maendeleo ya Kiislamu, ijulikanayo kwa jina la JAKIM, pamoja na mabaraza ya dini ya majimbo. Kule Singapore kazi hiyo inafanywa na Baraza la Dini ya Kiislamu, MUIS, tangu mwaka 1978. Kwa hiyo katika nchi hizo mbili mtu hana haja ya kubahatisha. Nembo ipo au haipo.

Mwezi wa Septemba 2024 ulizuka mjadala mkali Malaysia baada ya kutolewa wazo kwamba mikahawa yote isiyouza nguruwe wala pombe ilazimishwe kuomba cheti cha halali. Wachina wengi walilalamika, na mwisho jambo likabaki la hiari kama lilivyokuwa. Wapo Waislamu waliohuzunika. Sisi hatukuhuzunika. Mfanyabiashara asiye Mwislamu hakuwekwa duniani ili atulinde sisi na uvivu wetu wa kuuliza. Wajibu wa kutafuta kilicho halali umewekwa shingoni mwa mlaji, na hakuna serikali inayoweza kuubeba kwa niaba yake. Tena hata nembo yenyewe hughushiwa: mwezi wa Desemba 2020 magazeti ya nchi hiyo hiyo yalitoa habari za genge lililotuhumiwa kuingiza nyama ya kugandishwa isiyothibitishwa na kuibandika nembo za bandia. Hatulitaji jambo hili ili watu wakate tamaa na nembo. Tunalitaja kwa sababu wapo wanaotumia nembo kama dawa ya usingizi.

Kijana mmoja mwerevu alitwambia kwamba rafiki yake Mchina ni Mkristo, na kwa kuwa Kurani Tukufu, katika sura ya tano, imehalalisha chakula cha watu wa Kitabu, basi nyama ya ng'ombe ya mezani pale ilikuwa halali kwake. Tulimwuliza: je, rafiki yako ndiye aliyechinja? Ukristo wa mwalikaji haupiti katika pochi yake mpaka machinjioni! Nyama ile imetoka kwa mchuuzi asiyejulikana, huenda ni Mbuddha, huenda hana dini, na huenda imechinjwa kwa mashine ng'ambo ya bahari. Hata tuiache ile nyama, bado tunarudi kwenye mchuzi ule ule.

Kuhusu pombe tutasema kwa ufupi, kwani hukumu yake haina maficho. Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho kuketi penye meza inayozungushiwa pombe. Katika meza za stimboti chupa za bia ni jambo la kawaida. Mtu akisema yeye alikunywa chai tu, hakujibu kitu, maana katazo lenyewe linahusu kuketi.

Hata hivyo hatupendi kuwapa nguvu wale wenye wasiwasi wa kupindukia, ambao hushika chupa ya mchuzi wa soya wakaitazama kama nyoka. Soya ikichachushwa hutoa kileo kidogo chenyewe, kama inavyotokea katika siki na hata katika matunda yaliyoiva sana, na wanazuoni wa Malaysia waliokutana mwaka 2011 walitofautisha wazi kati ya kileo hicho cha asili na mvinyo uliotengenezwa kwa makusudi ya kulevya. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuhusu watu waliosilimu karibuni ambao walikuwa wakileta nyama, na haikujulikana kama walikuwa wamelitaja jina la Mwenyezi Mungu, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza walitaje wao kisha wale. Dini hii haikumtaka mtu awe mpelelezi wa kila tonge la Mwislamu mwenzake. Lakini kati ya kutopeleleza na kufumba macho kuna masafa marefu, na hao wa "mboga tu" wameyavuka yote kwa hatua moja.

Wale wa upande wa pili

Tukiishia hapo, litafurahi kundi jingine ambalo hatutaki lifurahi. Hao ndio wanaosema chakula cha Kichina ni najisi, Wachina ni watu wa nguruwe na mbwa, na Mwislamu asikae nao meza moja. Maneno haya husemwa hata huku kwetu, tangu mikahawa ya Kichina ilipozidi Dar es Salaam na Nairobi. Ni maneno ya ujinga, na ubaya wake ni kwamba huvaa joho la ucha Mungu.

Uislamu uko China tangu karne za mwanzo za Hijra. Msikiti wa Niujie ulioko Beijing, kwa mapokeo yake, ulijengwa mwaka 996, yaani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kabila la Wahui, ambao ni Waislamu wanaosema Kichina na kuishi kama Wachina, lilihesabiwa katika sensa ya mwaka 2020 kuwa na watu zaidi ya milioni 11. Lugha ya Kichina ina neno lake la chakula cha Waislamu, qingzhen, lenye maana ya kilicho safi na cha kweli, na neno hilo huandikwa juu ya milango ya wachinjaji na wapishi Wahui. Na hicho chungu cha moto chenyewe? Mkahawa wa Donglaishun, ambao ni miongoni mwa mikahawa mashuhuri kabisa ya Beijing kwa chakula hicho, ulianzishwa mwaka 1903 na Mhui aitwaye Ding Deshan, na kilichoupa sifa ni nyama ya kondoo iliyokatwa nyembamba na kuchovywa katika chungu cha shaba chenye bomba la mkaa katikati. Hawa wenzetu wa "Mchina ni nguruwe" wangeambiwa kwamba mojawapo ya namna zilizo bora za chakula hiki iko mikononi mwa Waislamu wenzao tangu enzi ya babu zao, wangesema nini?

Na sisi watu wa Pwani tuna sababu zaidi ya kunyamaza. Zheng He, yule amiri wa majahazi makubwa ya China yaliyofika Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan, na mkalimani aliyefuatana naye katika baadhi ya safari, Ma Huan, alikuwa Mwislamu. Wachina wa kwanza ambao wazee wetu walifanya nao biashara hawakuletwa na mtu mgeni kwa kibla.

Kula pamoja na asiye Mwislamu hakujakatazwa. Sura ya sitini ya Kurani Tukufu, aya ya nane, inafundisha kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Malaysia, Waislamu ni asilimia 63.5 ya watu wote kwa sensa ya mwaka 2020. Singapore, Wachina ni kiasi cha robo tatu ya wakazi. Mtu atakayeishi katika nchi hizo bila kuketi mezani na Mchina atakuwa amejifungia jela kwa hiari yake, na da'wa yake ataifanya kwa kuta.

Haya isiyo mahala pake

Basi kama makosa si ya chungu wala si ya Mchina, yako wapi? Yako katika ulimi wa Mwislamu mwenyewe.

Tumechunguza jinsi vijana wetu wanavyojibu wanapoalikwa, na tumeona njia mbili. Wa kwanza huenda, na akifika hula kwa kujificha ndani ya neno "mboga tu". Wa pili haendi, lakini hasemi kwa nini. Leo anaumwa na tumbo, kesho ana mtihani, keshokutwa ameshakula. Akialikwa mara ya nne, haalikwi tena. Rafiki yake Mchina, ambaye hakuambiwa lolote, hujikusanyia jibu lake mwenyewe, nalo ni kwamba huyu Mwafrika, au huyu Mwislamu, hatupendi. Hivyo kijana ameikinga tumbo lake na haramu kwa kutumia uongo, akaua na urafiki. Je, hii ndiyo taqwa?

Yafaa ieleweke kwamba Mchina wa Penang au wa Kuala Lumpur si mtu wa kushangazwa na neno halali. Amekulia jirani na Wamalai. Amelisoma neno hilo kwenye pakiti za biskuti tangu utotoni. Akiambiwa, "Rafiki yangu, chungu hiki siwezi, lakini ipo stimboti ya halali mtaa wa pili, twendeni huko na mimi nitafurahi sana," atachukua mkoba wake akafuate, na aghalabu yeye ndiye atakayejua mkahawa upi ni mzuri zaidi. Wachina wengi kule, wanapojua kwamba mmoja wa kundi ni Mwislamu, huchagua wenyewe mahali penye nembo bila kuombwa. Miaka ya 1996, 1997 na 1998 Iddi el-Fitri na Mwaka Mpya wa Kichina zilikutana kwa tofauti ya siku moja au mbili, na watu wa nchi ile walitembeleana nyumbani kwa sherehe mbili mfululizo, na nyumba nyingi za Wachina zikaagiza chakula kwa wapishi Waislamu ili mgeni ale bila shaka moyoni. Watu wa namna hiyo ndio tunaowaogopa kuwaambia neno moja?

Haya tuliyofundishwa na Mtume (s.a.w.) kuwa ni sehemu ya imani ni haya mbele ya Mwenyezi Mungu. Hii nyingine, ya kuogopa kuonekana wa ajabu mbele ya rafiki wa darasani, haina fungu katika hadithi hiyo. Tena hugeuka kuwa dharau, kwa maana anayemficha rafiki yake imani yake amemhesabu kuwa mtu asiyeweza kuistahi. Kijana wa Kichina asiyekula nyama ya ng'ombe kwa sababu ya Guanyin, na wako wengi wenye nadhiri hiyo, hutamka wazi mezani bila kupepesa macho: "Mimi ng'ombe sili." Na wenzake humwekea kando. Mwenye sanamu hakuona haya, mwenye Kurani ndiye aliyeinamisha kichwa!

Iko hali moja iliyo ngumu kweli, nasi hatutaidharau. Rafiki anakualika nyumbani kwao, mama yake amehangaika kutwa nzima, amekununulia kuku wa halali na samaki, amekataza nguruwe asiletwe siku hiyo kwa ajili yako, lakini chungu ni kile kile cha kila mwaka. Hapa tunasema: kabla ya siku hiyo, peleka chungu. Nunua kipya, kifunge vizuri, mpe mama mwenye nyumba kama zawadi, umwambie kwa upole kwamba ungependa kitumike siku ukija. Vyungu hivyo si ghali. Tunamjua ndugu mmoja aliyefanya hivyo, na yule mama alikiandika jina lake chini kwa rangi ili kisichanganyikane na vingine. Kila mwaka hukitoa kabatini anapokuja, na ndugu zake wa Kichina sasa hukiita chungu cha Ali. Asiyeweza kupeleka chungu na aseme ukweli, ale matunda, anywe chai na kukaa mpaka mwisho.

Na iliyo halali je?

Hatujamaliza. Wengi wa waliotusoma hadi hapa wanatikisa kichwa kwa kukubali, kwa sababu wao huenda kwenye stimboti zenye nembo. Hao nao tuna neno nao.

Stimboti za halali sasa zimejaa Malaysia, na nyingi huuzwa kwa mtindo wa lipa mara moja ule uwezavyo. Ndani yake pamewekwa majokofu marefu, na wateja huzunguka na sinia. Hapo ndipo mtu aliyeuliza kwa makini kuku amechinjwa na nani husahau kujiuliza tumbo lake lina ukubwa gani. Hurundika sahani sita, nyama juu ya kamba, kamba juu ya ngisi, kwa hesabu kwamba fedha alizolipa lazima zirudi. Muda ukikaribia kwisha, na mikahawa hiyo aghalabu huweka kiwango cha muda, nusu ya rundo iko mbichi bado. Baadhi ya wenye mikahawa wamelazimika kutoza faini kwa chakula kinachobakishwa, na ni aibu kubwa kwamba kafiri au Mwislamu mwenye duka atumie faini kutufundisha lile lililomo katika sura ya saba, aya ya 31, ya kula na kunywa bila ya israfu. Huona kuku huyo, aliyetajiwa jina la Mwenyezi Mungu siku ya kuchinjwa, akitupwa jalalani na mtu aliyesisitiza atajiwe?

Mwezi wa Ramadhani hali huwa mbaya zaidi. Meza hukodiwa siku nyingi kabla, makundi ya wanafunzi hufuturu hapo, na chungu huwashwa kabla ya adhana ili kiwe tayari. Adhana inaadhiniwa, tende inaliwa, kisha mtu anaanza kuchovya. Stimboti ni chakula cha polepole. Hiyo ndiyo sifa yake tuliyoitaja. Kuala Lumpur muda kati ya Magharibi na Isha hauzidi sana saa moja na robo. Kipande cha kwanza, cha pili, maongezi, kucheka, picha za simu, mchuzi umeongezwa, ngoja tambi ziive. Magharibi imekwenda. Na huyu huyu ndiye ambaye mwezi uliopita alikataa kuingia mkahawa usio na nembo, akawahubiria wenzake njia nzima kuhusu haramu!

Tumewauliza baadhi yao kwa nini hawakuinuka dakika kumi, wakaacha wenzao walinde chungu, kisha wakapokezana. Jibu tulilopewa ni kwamba hapakuwa na mahali pa kuswalia. Nchini Malaysia maduka makubwa yana vyumba vya swala, wenyewe huviita surau, vyenye maji ya udhu na mishale ya kibla darini, na mara nyingi mlango wake uko hatua chache kutoka msalani, ambako ndugu yetu, baada ya bakuli tano za mchuzi, alikwenda mara mbili.